Karatasi za Kukosea

Alhamisi hiyo saa tisa ilifika, ikapita, na hakuna aliyegonga meza.

Kwa mwaka na ushee mkutano ulikuwa ukianza kwa namna moja. Mama Herufi aligonga meza ya kukatia vitambaa mara mbili kwa fimbo yake fupi, ile ambayo waandishi wa mabango huegemezea mkono ili brashi isiteleze, kisha akasema, "Haya, tuone makosa." Sasa meza ilinyamaza. Wachoraji watatu walikaa kwenye benchi katika chumba cha kushonea cha mdogo wake Mama Herufi, katikati ya nguo za watu zilizotundikwa zikisubiri vifungo, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, kama anavyotazamwa mtu aliyesimama karibu mno na mfuko wako. Mshonaji alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Ufunguo wa akiba wa chumba ulikuwa mezani, pale dada yake alipouweka wiki moja kabla. Hakuna aliyeugusa. Kuugusa kungekuwa kama kukiri kwamba wewe ndiye uliyetaka aondoke.

Hawakumfukuza. Hilo walilisema wote baadaye, kwa kila aliyeuliza na hata kwa ambaye hakuuliza. Walimwomba tu aandike herufi moja mbele yao. Akakataa, akatoka.

Mama Herufi hakuwa mama wa mtu. Hakuzaa, na jina hilo alipewa na wenye maduka, kwa sababu kwa miaka thelathini na sita ndiye aliyeandika majina yao juu ya milango. Kazi aliifunzwa na mjomba wake, kama kweli unaweza kuita kufunzwa. Alipomaliza darasa la saba mama yake alimpeleka kwa mjomba akaoshe brashi, na kwa miaka mitatu akaosha brashi. Mjomba aliandika ubavuni mwa malori na kwenye milango ya maduka, mtu mwenye mkono mzuri na moyo wa kufuli. Wakati wa kuchanganya rangi humgeuzia mpwa wake mgongo. "Ufundi ni kama mswaki," alizoea kusema, "haukopeshwi hata kwa ndugu." Basi msichana akajifunza kwa makopo yaliyotupwa, akichungulia kingo zake aone tone lipi lilidondoka juu ya lipi. Mengi aliyapata kwa njia hiyo. Kitu kimoja hakukipata, nacho ni nyekundu ya mjomba, iliyokaa juani miaka kumi bila kupauka. Mjomba alikwenda nayo kaburini. Siku ya mazishi watu walimlilia marehemu. Yeye, na aliona haya kwa hilo, aliililia pia ile nyekundu.

Pengine ndiyo maana, akiwa na miaka hamsini na miwili, aliweza kupita karakana kwa karakana akiwaambia wachoraji wenzake kwamba anataka kuanzisha kikundi. Wakutane mara moja kwa wiki, wafundishane, na mmoja akikwama wengine wamkwamue. Alilisema hilo akiwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia mfukoni mwa aproni, na kila alikopita aliulizwa swali lile lile kwa maneno tofauti. Chale ndiye aliyeliuliza bila kulivisha nguo.

"Na wewe unapata nini?"

"Nitajifunza."

Chale alicheka mpaka akaweka brashi chini. Huyu naye alikuwa mwandishi wa mabango, jina lake likitokana na kovu la shavuni alilolipata utotoni kwa kuanguka juu ya kopo, na kwa miaka kumi na mitano yeye na Mama Herufi walikuwa wakinyang'anyana milango ya mtaa mmoja. Mtu aliyekaa kwenye kazi miaka thelathini na sita anataka kujifunza kwa nani? Kwa Chale? Hata Chale mwenyewe, aliyejipenda si haba, hakuliamini hilo.

Hata hivyo alikwenda. Baadaye alisema alikwenda ili asije akasemwa asipokuwepo. Profesa alikwenda kwa sababu mshonaji aliahidi chai. Huyo alikuwa mchora sura za watu, na alivaa fremu ya miwani isiyo na vioo ili wateja wamheshimu. Mtu akimuuliza mbona miwani haina vioo, hujibu kwamba macho yake ni mazima, kinachohitaji msaada ni uso. Wa tatu aliitwa Kinyozi ingawa hajawahi kumnyoa mtu maishani. Alichora vichwa kwenye kuta za vinyozi, vichwa kumi na viwili kwa kila ukuta, na shabaha yake ilikuwa kuziiba herufi za Mama Herufi kwa macho. Walikuwepo na wengine waliokuja wakatoweka. Hawa watatu ndio waliobaki.

Alhamisi ya kwanza kila mtu alifika na karatasi zake zimeviringishwa na kufungwa kwa kamba, na hakuna aliyefungua. Chai ikanywewa. Habari za mvua zikaisha. Hapo ndipo Mama Herufi alipowatajia sharti ambalo hawajawahi kulisikia popote. "Kizuri chako mwonyeshe mteja," alisema. "Hapa lete ulichokosea." Akatoa chini ya meza kibao chake mwenyewe cha zamani, rangi imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, akawaeleza kwa utulivu jinsi alivyopaka ya juu kabla ya chini kukauka, kwa haraka, kwa kumwogopa mteja mmoja mkali. Alikuwa amekihifadhi kibao hicho miaka kumi na moja. Wakakitazama. Kuna kitu cha kutia hofu katika kuona aibu ya mtu ikiwa imetunzwa vizuri namna ile. Kisha Kinyozi, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akafungua kamba yake.

Na ikafanya kazi. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walilisahau. Profesa alimfundisha Kinyozi kwamba pua haianzii puani bali kwenye nyusi. Chale, kwa shingo upande, aliwaonyesha anavyopiga mstari ulionyooka kwa uzi wa chaki akiwa peke yake, ncha moja msumarini na nyingine katikati ya vidole vya mguu. Profesa alipoteguka kiuno akiwa na ukuta wa shule uliofika nusu, Chale na Kinyozi waligawana uliobaki. Mama Herufi akasimamia, akielekeza kwa fimbo. Karatasi za kukosea zilibandikwa ukutani kwa pini za mshonaji, zikajadiliwa, zikachekwa, kisha zikatupwa kwenye boksi lililokuwa chini ya meza. Mwisho wa mkutano Mama Herufi alilichukua boksi akaenda nalo nyumbani. Zinafaa kuwashia mkaa, alisema.

Shaka haikuja kwa mlango. Iliingia kama vumbi, na ukiuliza lilianza lini huwezi kujibu.

Kwanza ulikuwa mkono. Kinyozi, aliyekuja kuziiba herufi, ndiye aliyegundua kwamba kwa miezi minane hakuziona hata mara moja zikiandikwa. Mama Herufi alielekeza, alisahihisha kwa maneno, aligusa karatasi kwa ncha ya fimbo aliyoishika kwa kushoto. Brashi hakushika. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni mwa aproni saa zote, kama wa askari wa mlangoni. Profesa alisema ni maringo ya wakubwa. Chale alisema mtu asiyeonyesha mkono wake ana kitu mkononi.

Kisha likafunguliwa duka la mashine barabara ya pili, duka linalochapa mabango ya plastiki kwa dakika ishirini, herufi zote sawasawa kama meno ya bandia. Wachoraji wote walilichukia kwa pamoja, na hilo likawa jambo pekee walilokubaliana bila kubishana. Siku moja Profesa alimwona Mama Herufi akitoka humo, mchana kweupe, roli la karatasi kwapani. Alimsalimia, naye akaitikia upesi akavuka barabara.

La tatu lilitoka kwa mshonaji mwenyewe, bila kukusudia. Walikuwa wakinywa chai, dada yake hajafika, na Kinyozi akatania kwamba nyumbani kwao lazima chakula kiive vizuri, kwa jinsi boksi linavyojaa siku hizi. Mshonaji akiwa na uzi mdomoni akajibu kwamba wao hawajawasha mkaa tangu wanunue jiko la gesi. Kisha akautoa uzi mdomoni. Kisha akaanza kushona pindo ambalo lilikuwa limekwisha kushonwa.

Jioni hiyo watatu walitoka pamoja, jambo ambalo si kawaida yao, wakasimama chini ya paa la duka la rangi lililofungwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Chale.

"Nguo zangu nimezifua juzi," alisema Kinyozi, lakini hakucheka.

Chale alikuwa amekwisha kuyapanga yote. Karatasi zinakwenda kwa mwenye mashine. Mashine inajua kuchapa, haijui kubuni. Inahitaji macho ya Profesa, vichwa vya Kinyozi, herufi za Chale. Na kwa nini ziwe za kukosea? Kwa sababu mtu humwaga wazo lake lote pale anapokosea. Kwenye kazi ya mteja analibana. Ilikuwa hoja ya kupendeza, na ubaya wa hoja za kupendeza ni kwamba mtu haoni haja ya kuzipima. Wakakubaliana kutega. Kila mmoja angetia kosa la makusudi kwenye karatasi zake, kosa ambalo fundi mwenye akili zake hawezi kulifanya, kisha wangetembea mjini macho juu, waone litachomoza wapi.

Profesa alichora macho yenye nuru chini. Kila mchora sura anajua kwamba lile tone jeupe la nuru huwekwa juu ya mboni, maana mwanga hutoka juu. Yeye akaliweka chini, kana kwamba jua limezikwa. Chale aliandika herufi zake zikiwa na mguu mmoja uliopinda nyuma kama mkia wa nge. Kinyozi alisema ataharibu masikio. Kwa wiki saba walizileta karatasi hizo, wakazitetea kwa nyuso kavu, na Mama Herufi alizitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mara moja alimuuliza Profesa, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mjinga, kama ana hakika na hilo tone. Profesa alisukuma fremu yake juu ya pua akajibu kwamba huo ndio mtindo mpya wa sura. Mama Herufi akaitikia kwa kichwa. Kwenye herufi alikuwa bingwa, lakini sura hakuwahi kufunzwa na mtu.

Wiki ya nane Chale aliyapata makosa hayo.

Ilikuwa kwenye saluni ndogo nyuma ya stendi. Juu ya mlango palikuwa na bango jipya la mbao, limepakwa kwa brashi, la mwanamke mwenye nywele zilizosukwa. Macho yake yalimulikwa kutoka chini. Sikio lake lilikaa karibu na taya. Na jina la saluni lilikuwa na mikia ya nge kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chale hakuuliza. Alipanda juu ya kiti cha mteja, akafungua misumari minne, akaliweka bango kichwani na kuondoka nalo. Msusi akamfuata mitaa mitatu na kitana mkononi, akimwita mwizi, akimwita shemeji, akimwahidi polisi, mpaka kwenye chumba cha kushonea, ambako mkutano wa Alhamisi ulikuwa umeanza na Mama Herufi alikuwepo.

Bango liliwekwa juu ya meza. Chale alimuuliza msusi ni nani aliyemchorea.

"Si huyu hapa mama," alisema msusi, akimwonyesha Mama Herufi. "Na kazi yake nimeipenda, mnirudishie."

Hilo hawakulitarajia. Walikuwa wamejiandaa kwa mwenye mashine. Lakini shaka haikosi pa kukalia. Ikihamishwa kiti hiki hukaa kile. Chale alitamka upya yote kana kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo: kwamba hauzi kwa mwenye mashine, anajiuzia mwenyewe, amekaa mwaka mzima akivuna vya wenzake ili awaingie kwenye sura na vichwa, baada ya kuwamaliza kwenye herufi. Aligusa jicho akasema hili la Profesa. Aligusa mkia wa nge akasema huu wangu. Aligusa sikio akasema hili la Kinyozi. Kinyozi aliitazama sakafu, na alikuwa na sababu yake.

Mama Herufi alilitazama bango kama mtu anayeona picha yake iliyopigwa bila yeye kujua.

"Nimechora mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Basi tuonyeshe huo mkono." Chale alichovya brashi, akamnyooshea. "Herufi moja tu, mama. Yoyote. Tuone hizi ni zako au umefuatisha karatasi za watu."

Mshonaji aliinuka nusu, akakaa tena. Chumba kizima kilikuwa kikiutazama mfuko wa aproni. Kilichokuwa humo ndicho Mama Herufi alichokilinda kwa miaka miwili, na alijua kwamba mara kitakapotoka, hakitarudi. Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi, tone, na jingine, juu ya kitambaa cha mtu. Akauweka ufunguo mezani kwa mkono wa kushoto, akampisha msusi apite na bango lake, akatoka nyuma yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuja ile Alhamisi ya kimya, na ya pili yake, na ya tatu. Walikutana kwa ukaidi, kila mmoja akihofia wengine wawili wasikutane bila yeye. Karatasi hazikufunguliwa. Profesa alimshuku Chale kwamba alitaka kikundi kiwe chake. Chale alimshuku Kinyozi kwa kutotazama watu usoni. Baada ya Alhamisi ya tatu mshonaji alimfuata Kinyozi mpaka barazani, akazungumza kwa kumtazama mtu mwingine anayepita. Alisema yeye aliapishwa na dada yake na hawezi kusema neno. Lakini zahanati ya mtaa wa chini inapakwa ukuta, na mchoraji huja saa sita, watu wakienda kula.

Kinyozi alikwenda kesho yake, akasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya meza ya fundi viatu, akijifanya anangoja soli. Alimwona Mama Herufi juu ya ngazi, mgongo umemwelekea. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kiunoni kwa kitambaa, mizunguko mitatu, kama mtoto mtukutu. Wa kushoto ulikuwa umeshika brashi na ulikwenda polepole, ukisimama, ukirudi, ukipumzika juu ya fimbo iliyoshikiliwa kwa kiwiko na mbavu. Herufi moja ilichukua muda ambao fundi viatu alitumia kushona soli nzima. Wazo la kwanza la Kinyozi, na alilikiri mwenyewe baadaye, lilikuwa kwamba huu ni ujanja mwingine. Ilibidi atazame herufi tatu ndipo aamini. Akavuka.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuka. "Marahaba. Chale amekutuma?"

"Nimejituma."

"Nenda kamwambie umeona."

"Nimeona nini? Sijui nilichokiona."

Alishuka ngazi kwa tahadhari, akakaa kwenye kipago cha chini, akafungua kitambaa. Mkono ulibaki mapajani dakika moja ukiwa mzima kabisa, mkono wa fundi wenye rangi kwenye kucha. Kisha ukaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha wote, kama kuku aliyefungwa miguu akisikia hatua. Kinyozi alitazama pembeni. Alisimuliwa kwa ufupi: ulianza miezi sita kabla ya kikundi, kwenye mlango wa duka la dawa, katikati ya mstari, daktari wa hospitali kubwa alisema hautarudi ulivyokuwa, na tangu siku hiyo amekuwa akiufunza wa kushoto, kwenye migongo ya karatasi mbovu ambazo mwenye mashine hutupa.

"Na karatasi zetu?"

"Huu mkono una umri wa mtoto wa chekechea," alisema, akiuinua wa kushoto. "Haujui kitu. Kazi nzuri ya mtu inakuonyesha alikofika tu. Kosa ndilo linalokuonyesha njia aliyopita. Nilizifuata karatasi zenu mstari kwa mstari, kila siku."

"Ungetuambia."

"Ningewaambia Alhamisi, Ijumaa wateja wangu wangekuwa wenu."

Kinyozi alifungua mdomo akatae. Alimfikiria mwenye duka la dawa, na mlango wake mpana wa kijani.

"Kweli," alisema. "Huyo wa dawa ningemfuata mimi, asubuhi na mapema."

"Unaona."

Walikaa. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema ukweli mmoja na hakufa, Kinyozi alisema na wa pili. Alimweleza kuhusu mtego: nuru ya jicho ilikuwa uongo wa makusudi, na mkia wa nge vilevile. Mama Herufi alimsikiliza bila kupepesa. Watu hakuwaamini hata siku moja, ila karatasi zao alikuwa ameziamini kama mtoto anavyoamini kitabu cha shule, na sasa aliambiwa kwamba watu ndio waliostahili kuaminiwa zaidi, maana wao angalau alijua wanaweza kudanganya.

"Na sikio?" aliuliza.

Kinyozi alijikuna shingo. "La sikio nilisahau kuharibu. Sikio ndivyo ninavyochora."

Ndipo Mama Herufi akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka kama kikohozi. "Nililiona lina kasoro. Nikasema labda huyu kijana anajua kitu cha masikio ambacho mimi sikijui." Kisha kicheko kikaisha, akauangalia mkono wa kushoto, juu na chini. "Lile jicho nimelichora mara mia mbili. Sasa limekaa mkononi. Mkono wa kwanza nilifunzwa na mtu aliyenigeuzia mgongo. Wa pili nimefunzwa na watu walionitazama usoni wakanidanganya. Sijui upi una nafuu."

Hakumkataza kusema, wala hakumruhusu. Kinyozi aliwaeleza wenzake Alhamisi iliyofuata. Profesa alivua fremu yake, akawa anaishika tu. Chale alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani ana hakika kwamba mkono ule hautetemeshwi makusudi. Lakini Jumamosi ya wiki hiyo mlango wa duka la dawa ulikuwa ukipakwa upya, na aliyekuwa juu ya ngazi ni Chale. Mwenye duka alikuwa ameambiwa habari za mkono na mtu fulani, kwa huruma nyingi.

Profesa alikwenda kuomba radhi. Hakufunguliwa mlango, alisemea dirishani. Alikuwa amechora jicho moja kubwa kwenye karatasi safi, nuru imekaa mahali pake, na maelezo ya kila hatua pembeni kwa penseli. Mama Herufi aliipokea kupitia katikati ya nondo.

"Hii ni ya kweli?" aliuliza.

"Haki ya Mungu, mama."

Alimwambia asubiri. Profesa alisimama nje, akamsikia akiburuta kiti, akifungua kabati. Kupitia dirisha la pili alimwona amesimama mbele ya kioo, karatasi mkononi, akilinganisha jicho la karatasi na lake mwenyewe. Aliporudi dirishani alisema asante, akafunga pazia.

Msusi alichorewa na Mama Herufi jicho jipya juu ya lile la zamani, akalalamika kwamba la kwanza lilikuwa na mvuto zaidi. Kikundi kinaendelea kukutana, watu watano kwa sasa, wawili wao wapya, katika chumba kile kile. Makosa bado yanabandikwa kwa pini, ila mkutano ukiisha kila mtu hubandua karatasi zake na kuondoka nazo. Mama Herufi hajakanyaga tena hapo. Huandika kwa mkono wa kushoto, kibao kimoja kwa wiki, na Kinyozi humshikia ngazi siku asizokuwa na vichwa vya kuchora. Sasa hivi Mama Herufi yuko shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, anaandika majina ya madarasa juu ya milango. Ameandika matano, yamebaki tisa.